Sitaha Iliyokataa Kukauka

Jioni ile mzee Wenseslaus alishuka kibandani kwa kazi ndogo tu: kupitisha msasa kwenye sitaha ya boti, kisha arudi kusali rozari na mkewe.

Boti ilikuwa ya mwanawe, Jovin. Mwaka 1996 iliokotwa ikielea kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Jovin hakuonekana. Waliipandisha kwa lori mpaka Kibosho. Ukoo ukashauri wazike mgomba badala ya maiti, kama walivyofanya wa zamani. Wenseslaus, seremala na katekista, akakataa.

"Siwezi kuuombea mgomba pumziko la milele."

Basi Mektrida, mkewe, akakaa miezi kumi na moja bila kaburi la kulilia.

Wenseslaus akaitengeneza boti. Alitoa mbao zote zilizooza, isipokuwa ubao mmoja wa sitaha aliozoea kuukalia Jovin. Akapaka epoksi, gundi ile ya kuchanganya makopo mawili. Ukiipaka jioni, asubuhi huikuta ngumu kama kioo.

Hii ilikuwa siku ya tatu.

Akagusa ubao wa Jovin. Vidole vikanata. Gundi ikavutika kama makamasi, vuguvugu... ikanuka. Haikuwa harufu ya dawa. Ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa mfukoni, na ndani yake utamu fulani uliomjaza mate mdomoni.

Akachukua patasi, akakwangua. Likabanduka tonge zito. Ndani yake mlikuwa na kucha mbili, na kipande cha ngozi nyeupe, laini kama utando wa maziwa.

Chini ya sitaha kitu kikagonga.

Mara moja tu.

Wenseslaus akainama, akatega sikio.

"Baba Jovin." Mektrida alikuwa mlangoni na chemli mkononi. "Umempata?"

"Usisogee, mama. Kunanuka."

"Mtoto wangu hanuki."

Akaweka chemli chini, akalichukua tonge kwa mikono miwili, akalibusu. Alipoinua uso, uzi wa gundi ulining'inia mdomoni mwake.

Hapo ndipo Wenseslaus alipoziona nywele ndani ya tonge. Ndefu. Zimesukwa, na mwishoni shanga moja nyekundu. Jovin alikuwa akinyoa kipara tangu alipopata kipaimara.

"Mektrida... huyu si..."

"Nimeona," akanong'ona. "Nyamaza. Chukua jembe."

Alimtazama. Miezi kumi na moja hakuwa ameyaona macho yale yakiwa na uhai. Akachukua jembe.

Akachimba nyuma ya kibanda, wakalizika lile tonge, akasali sala ya marehemu yote. Alipofika penye jina, akasema, "Jovin." Mektrida akalia kilio kirefu cha mama aliyezika. Kisha akajifuta kwa kanga, akapanda nyumbani taratibu, mwepesi.

Wenseslaus akabaki akishindilia udongo kwa miguu. Nyayo zilinata.

Sauti ikatoka chini yake. Ya msichana. Ya adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba."

Maisha yake yote hakuwahi kuiacha salamu ya mtoto bila jibu. Mdomo ukatangulia kabla hajauziba.

"Marahaba."

Udongo ukajisogeza kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Asante, baba. Kaka Jovin alisema mtanipokea."