Chai ya Kitanda Namba Nne

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi ya Jumatano, muuguzi wa zamu ya usiku alimkuta fundi cherehani wa kitanda namba nne amekwisha kufa. Alilala ubavu, mkono mmoja kifuani. Kwenye mguu wa kitanda ilining'inia fomu yake ya jana yake, na juu ya fomu mstari mmoja wa wino wa bluu: "Saa 12:45 asubuhi. Amekunywa chai. Asogezwe."

Mstari huo ndio uliomzuia kuingia chumba cha matibabu Jumanne, maana anayetibiwa moyo sharti aingie na tumbo tupu. Kufika adhuhuri, ukoo mzima ulikuwa umeshampata muuaji: mke wa mwanawe, ambaye wodi nzima ilimwona na chupa ya chai. Maziko yakapangwa Alhamisi saa kumi alasiri, na mkwe akaambiwa asithubutu kukanyaga.

Ingeishia hapo, lakini fundi alikuwa mgonjwa wa utafiti, na mgonjwa wa utafiti hafi hivi hivi. Alhamisi saa mbili asubuhi kamati ya maadili ikamtuma mkaguzi, mama wa makamo mwenye viatu vya kamba na daftari lililovimba. Hospitalini walimwita Kupe, kwa kuwa aking'ang'ania hang'oki. Alilijua jina hilo, na wala halikumkera.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Daktari bingwa alilinganisha njia mbili za kuzibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua. Zote hupitisha mrija mwembamba kutoka kifundo cha mkono hadi moyoni. Ya zamani huacha ndani ya mshipa kibomba cha wavu wa chuma. Mpya huutanua mshipa kwa puto lililopakwa dawa, kisha puto hutolewa, ndani hakibaki kitu. Nani apate ipi, hachagui daktari wala mgonjwa. Inachagua bahasha. Zimefungwa, zina namba, na iliyo juu hufunguliwa mgonjwa akiwa tayari mezani. Ndani mna kadi yenye neno moja, WAVU au PUTO.

Kupe alianza na Sista, muuguzi aliyeandaa wagonjwa asubuhi ile. Alikuwa mtu mpole hata anakuchosha. Kabla hajaulizwa lolote alikuwa ameshamsogezea mkaguzi kiti na kikombe.

"Usimwandike vibaya yule mkwe," alisema. "Ni kutojua tu, maskini."

"Ulimwona akimpa?"

"Sikumwona akimimina. Nilipoiona ile chupa ya chai kando ya kitanda, nikaandika."

"Mzee mwenyewe alisemaje?"

"Alikana. Wote hukana, mama. Wanaogopa kugombezwa."

Kupe aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Kikombe hakukigusa.

Mkwe, Kupe alimkuta nje ya lango, ameketi kwenye benchi, chupa ile ile mapajani. Macho yalikuwa mekundu, lakini Kupe alishaona macho mekundu mengi ya wenye makosa. Hakumwonea huruma bado.

"Ulimpa chai?"

"Hapana, mama."

"Chupa ya nini basi?"

"Ya baba, anywe akishatoka. Aliniomba. Akasema, 'Mwanangu, funda moja tu nilainishe koo.' Nikamwambia, baba vumilia, ukitoka nakumiminia yote. Nikamnyima."

"Halafu?"

"Sista akaja akasema zamu yake imesogezwa, aendelee kukaa na njaa, pengine mchana atapata nafasi. Kutwa nzima, mama! Saa kumi jioni wakasema mpaka kesho. Nilipotaka kummiminia, akasema hamu imekwisha. Akageukia ukutani."

"Kwa nini hukukaa nyumbani leo?"

"Nyumbani kwa nani? Wifi yangu kasema nikifika kwenye maziko atanitoa mbele za watu. Mume wangu haniangalii usoni. Miaka kumi na mitatu nimemfulia mzee yule, nimemkata kucha. Leo mimi ndiye niliyemuua." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Kama kweli nimemuua, niambie wewe. Bora nijue."

Kupe alifunga daftari. Alikwenda kwa mlinzi wa lango na kuomba daftari la wageni. Mkwe wa kitanda namba nne, Jumanne, aliingia saa 1:10 asubuhi. Hakuna mgeni yeyote aliyeingia kabla ya saa moja. Jiko la wodi, aliambiwa, huwashwa saa moja na nusu. Na muuguzi wa usiku akaapa kwamba alikuwa ameondoa hata bilauri ya maji ya kitanda kile.

Sasa ajabu. Sista aliiona chupa, ndipo akaandika. Lakini aliandika saa 12:45, na chupa ilipita langoni dakika ishirini na tano baadaye. Hiyo chai ilitoka wapi?

Saa nne Kupe aliomba madaftari ya utafiti, akayasoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Katika wagonjwa sitini, kumi na mmoja walisogezwa kwa sababu ya chai. Wote walikuwa wazee au wenye kisukari. Kila asubuhi ya chai, bahasha iliyokuwa zamuni ilitoka PUTO, na akaingia nayo mgonjwa mwingine mwenye nguvu zaidi. Wale kumi na mmoja, walipoingia baadaye, wote walipata WAVU. Fundi alikuwa wa kumi na mbili. Jumanne ile bahasha namba 59 ilikuwa PUTO, na 60 nayo PUTO, na siku ikaisha.

Bahati mbaya hairudii mara kumi na mbili. Kuna mtu aliyekuwa anayajua maneno yaliyo ndani ya bahasha, na bahasha hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alimwendea daktari bingwa. Alimkuta ofisini na ripoti nene mezani.

"Ni nani anayefaidika puto likishinda?" Kupe aliuliza.

"Wagonjwa."

"Na wewe?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, sema unachotaka kusema."

"Wagonjwa wako dhaifu karibu wote wamekwenda upande wa wavu. Wenye nguvu wamepata puto. Hata mimi ningeshinda mbio nikishindanishwa na viwete."

Daktari alivuta daftari kwa pupa, akasoma, na rangi ikamtoka usoni. Lakini Kupe hakuamini rangi za nyuso. Alichukua ufunguo akaenda peke yake chumba cha maandalizi, palipokuwa na kabati la bahasha.

Chumba kilikuwa kidogo: kitanda cha magurudumu, sinki, kabati. Ukutani, chini ya kitambaa, kilining'inia kisanduku cha taa cha kuangalizia picha za eksirei, cha enzi zile picha zilipokuwa za plastiki. Siku hizi picha zote huonekana kwenye kompyuta. Kupe alipitisha kidole juu ya kitambaa, kikaja na vumbi. Akafunua. Kioo kilikuwa safi, kinang'aa. Akabonyeza swichi, taa ikawaka bila hata kupepesa.

"Ala!" alisema peke yake.

Fundi umeme wa hospitali alitoa karatasi ya maombi: taa mpya, chumba cha maandalizi, mwezi wa pili wa utafiti. Saini ilikuwa ya daktari bingwa.

"Natia saini karatasi arobaini kwa siku!" daktari alifoka alipoonyeshwa. "Zinakuja kwenye faili, natia saini. Hata mngeniletea talaka yangu ningetia!"

"Faili huletwa na nani?"



Kupe alikuwa ameshalijua jibu. Daktari hakuwahi kufika hospitali kabla ya saa mbili na nusu, na maandishi yote kumi na mawili ya chai yaliandikwa kabla ya saa moja. Wauguzi wa maandalizi walikuwa wawili, wanapokezana. Zamu ya mmoja, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyekunywa chai.

Saa saba na nusu aliwaita Sista na daktari chumba cha maandalizi, akafunga mlango.

"Sista, wagonjwa wa zamu yako wana kiu kweli."

Sista alitabasamu. "Sijakuelewa, mama."

"Uliniambia uliiona chupa, ukaandika. Uliandika saa 12:45. Chupa iliingia langoni saa 1:10. Uliiona ikiwa bado barabarani?"

Tabasamu lilibaki, ila macho yalihama, yakaenda ukutani penye kitambaa. Yalikaa pale kidogo tu, na hilo lilimtosha Kupe. Alifunua kitambaa, akawasha taa, akachukua bahasha iliyokuwa juu kabatini, namba 61, akaibandika kwenye kioo. Mwanga ukapenya karatasi. Herufi nne zilisomeka kama zimeandikwa kwa makaa.

WAVU.

"Hii ndiyo uliyokuwa unaingojea kwa ajili ya fundi," Kupe alisema. "Alikufa ikiwa ya kwanza kwenye foleni."

Sista aliketi kwenye kitanda cha magurudumu.

"Mgonjwa wa nne alikuwa mwalimu mzee," alisema. "Alipewa puto. Siku ya sita mshipa ukajifunga tena, akafia mikononi mwangu, anashika sare yangu. Nikamwambia daktari puto haliwafai wazee. Unakumbuka ulinijibuje?"

Daktari aliinamisha kichwa. "Nilisema mtu mmoja si ushahidi."

"Kwangu alikuwa mtu! Nikaona bora nichague mimi. Sikula rushwa ya mtu. Niliwaokoa kumi na mmoja."

"Hebu sikiliza ulichofanya," Kupe alisema. "Wazee wako wachache waliofariki wote wamehesabiwa upande wa wavu. Upande wa puto, ukimtoa yule mwalimu, karibu wote ni wazima. Ripoti iliyo mezani kwa daktari inasema puto halina mfano, na wiki ijayo ilikuwa iende kila hospitali. Wazee wote wangepewa hilo puto unaloliogopa. Na ushahidi umewatengenezea wewe."

Sista alifunika uso kwa mikono yote miwili. Daktari aliitazama ile taa kana kwamba haijawahi kuwapo chumbani mwake.

"Ripoti haiendi popote," alisema kwa sauti ndogo. "Utafiti umesimama."

"Hayo ni yenu na kamati, na polisi nao watakuja," Kupe alisema. "Mimi nina jingine. Ulikaa kimya wakati ukoo unamwita mwanamke wa watu muuaji. Hilo nalo lilikuwa la kuokoa nani?"

Kupe alitazama saa yake.

"Ni saa nane kasorobo. Maziko ni saa kumi. Vaa viatu."

Walifika saa tisa na nusu. Mkwe, waliyempakia langoni, alikataa kushuka garini. Sista alipita katikati ya waombolezaji na sare yake, akasimama mbele ya wifi mtu, jitu la mama lenye sauti ya kuamuru.

"Mzee hakunywa chai," alisema. "Niliandika mimi. Ni uongo wangu. Huyu binti hakumpa kitu."

Wifi mtu alimtazama muuguzi juu mpaka chini. Akamwacha amesimama, akaenda moja kwa moja garini na kufungua mlango. Mkwe alijikunyata, chupa kaikumbatia.

"Lete hiyo."

Aliichukua. Ilikuwa nzito. Akafungua kifuniko: chai ilijaa hadi mdomoni, imepoa, imefanya utando juu. Siku mbili nzima chupa hiyo ilitajwa na kila mtu, na hakuna hata mmoja, Kupe akiwemo, aliyefikiria kuinyanyua.

"Haikupungua hata funda," wifi mtu alisema.

"Aliniomba, wifi. Nikamnyima."

Wifi mtu alifunga kifuniko taratibu, akaiweka chupa chini, akamshika mkono.

"Shuka, mdogo wangu. Twende tukamzike baba."