Firigisi ya Mama

Kila likizo ya Agosti, Nanyama na mdogo wake Wabwile walitoka Bungoma na mama yao kwenda kwa shangazi yao, Senge Wilkista, mtaani Kibomet, Kitale. Walichambua maharagwe na kucheza. Siku ya mwisho Mama aliwapeleka kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani. Kwao firigisi ya kuku ni ya baba peke yake, lakini pale Mama aliitafuna akicheka. "Msimwambie baba yenu!"

Mwaka 2006 aliyewapeleka ni Senge. Mama alikuwa amezikwa mwezi wa Machi.

"Kaeni vizuri," Senge alinong'ona. "Hapa hakuna kulamba vidole."

Wabwile, mwenye umri wa miaka minne, alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani. Alipanda kiti chake, akashika kile cha pembeni. Kuku alipoletwa, aliichukua firigisi akaiweka kwenye sahani mbele ya kiti hicho kitupu. Hakula. Kila mlango ulipofunguka, aligeuka. Nanyama naye aligeuka, ingawa alijua hakuna anayekuja.

Mhudumu alifika. "Mama, kiti hiki kina mtu?"

"Hakina, chukua tu," Senge alijibu.

"Kina mtu!" Wabwile alipiga kelele akikikumbatia. Glasi ilianguka ikavunjika. Watu wote waligeuka.

"Ati mtoto gani huyu hana adabu?" Senge aliinua mkono.

Nanyama angeweza kunyamaza. Kofi lisingekuwa lake.

"Senge, usimpige! Ni mimi. Nilimwambia Mama yuko huku Kitale."

Siku ya mazishi, Wabwile alikuwa amepelekwa kwa nyanya yao kijijini Matulo ili asione. Aliporudi akimlilia Mama, Nanyama alimdanganya ili anyamaze. Uongo ulifanya kazi, akaurudia siku baada ya siku.

Mkono wa Senge ulishuka polepole. "Na sisi wakubwa hatukumwambia kitu," alisema. "Mwambie sasa, mwanangu. Niko hapa."

Nanyama alipiga magoti. "Wabwile, Mama alikufa. Tulimzika nyumbani, kando ya migomba. Hatakuja."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Wabwile alilia sana. Mhudumu alizoa vioo, akaenda kutafuta kiti kingine mahali pengine. Senge alimpakata mtoto mpaka kwikwi zikaisha.

"Kidonda kikifunikwa bila kuoshwa, kinaoza ndani," alimwambia Nanyama. "Ukweli unauma, lakini aliyeambiwa ukweli hulia, kisha hunyamaza. Uliyemdanganya angengoja mlangoni maisha yake yote. Kesho tutarudi Bungoma, tumwonyeshe kaburi."

Mlango ulifunguka tena. Safari hii Wabwile hakugeuka. Alifuta pua kwa mkono, akaisukuma ile sahani mbele ya dada yake.

"Basi kula wewe," alisema. "Usimwambie Baba."