Barua kwa Wajawazito Wote Isipokuwa Mmoja

Mkunga mstaafu alikutwa sakafuni kando ya meza yake ya kazi. Kiti kilikuwa kimepinduka, miwani imerukia ukutani, damu imeganda chini ya sikio. Kompyuta mezani ilikuwa bado inawaka.

Inspekta alikuwa ameinama kuutazama mwili, lakini macho yake yakanaswa na skrini. Akashika ukuta.

"Mama, mtoto wako hayupo tena. Pole."

Maneno hayo hayo yalikuwamo ndani ya simu yake. Yalimkuta asubuhi ile bafuni, mswaki mdomoni, na nusura ausimamishe mtaa mzima kwa kelele. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Mbili za mwanzo ziliharibika, na hii ya tatu aliibeba kama mtu abebaye maji kiganjani. Ndiyo maana alijiandikisha kupokea barua pepe za mkunga huyu, na kila wiki zilimliwaza. Sasa mkunga ndiye huyo chini, na tangu barua ile ya leo mtoto alikuwa hajacheza hata kidogo.

"Kaa kidogo, afande," alisema koplo. Kituoni koplo huyu mzee aliitwa Mstaafu, kwa sababu kila mwaka aliaga kwamba anastaafu na kila mwaka alionekana tena getini.

"Nikikaa sitainuka. Daktari anasemaje?"

Daktari wa uchunguzi alivua glavu. "Amesukumwa. Tazama mikono, vidole vimeacha alama. Akaanguka, kichwa kikapiga kona ya meza. Hakuteseka sana."

"Mlango?"

"Haukuvunjwa," alisema Mstaafu. "Huyu mama alikuwa akija alfajiri kila siku kuandika barua zake kabla ya makelele. Mlinzi wa jengo ndiye aliyemkuta."

Mlinzi aliletwa. Kijana mrefu, mpole, macho mekundu ya mtu aliyekesha lindoni. Alitazama tumbo la Inspekta, kisha haraka haraka akatazama pembeni.

"Ulimkuta wewe?"

"Ndiyo, afande. Nilikuwa nazima taa za ukumbini. Mlango ulikuwa wazi."

"Uligusa kitu?"

"Ningegusaje, afande?"

"Nani mwingine aliingia?"

"Mpwa wake. Nilimwona anatoka mbio."

"Hukumuuliza?"

"Mwenye ofisi yake utamuuliza nini?"

Lilikuwa jibu la maana. Inspekta akamruhusu akapumzike, akaagiza mpwa atafutwe.

Hakutafutwa mbali. Alikuja mwenyewe, shati amelivaa nje ndani, analia kama mtoto. Wakamkalisha ukumbini.

"Jana mligombana na shangazi yako."

"Tuligombana, sikatai. Jengo zima lilisikia."

"Mligombania nini?"

"Barua."

"Barua ndiyo ya kumtoa mtu roho?"

"Sijamuua! Afande, yule ndiye aliyenilea."

"Nieleze basi."

Akajifuta pua kwa mkono wa shati. Alisema shangazi yake alipostaafu hospitali alianza kuwaandikia wajawazito, kila mmoja barua yake, kwa vidole vyake viwili, akiwauliza miguu imevimba au haijavimba. Kina mama wakaambizana. Orodha ya waliojiandikisha ikajaa wageni. Hapo ndipo mpwa akaleta mashine.

"Mama mpya akijiandikisha anataja mimba yake ni ya wiki ngapi," alisema. "Kuanzia hapo mashine inahesabu yenyewe. Kila wiki inamtumia barua ya wiki hiyo. Siku zikitimia inampa hongera, halafu inaendelea na habari za mtoto. Mtu haingizi mkono."

"Na shangazi yako hakutaka."

"Alisema mimba si basi, haina ratiba. Alitaka kila mama mpya aandikiwe na mtu, aulizwe hali, ajibu. Nikamwambia shangazi, utaandika mpaka macho yatoke. Jana akasema mashine izimwe. Nikakataa. Nikampandishia sauti." Akaanza kulia tena. "Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

Inspekta alimwonyesha simu yake.

"Hii imetumwa na mashine?"

Mpwa akasoma, akashika kichwa. "Mungu wangu! Hapana, afande. Mashine inamwandikia kila mmoja kulingana na wiki zake. Hii imeandikwa na mtu. Amekuja pale, akachagua orodha nzima, akatuma."

"Mtu anayejua kompyuta. Kama wewe."

"Mwenye kujua simu anaweza. Shangazi alikuwa ameshafungua kila kitu."

Inspekta akageuka kutazama mlango wa ofisi. Mtu alikuwa amesimama mbele ya meza ile, maiti miguuni pake, akaandika sentensi ile bila papara na kuipeleka kwa kina mama waliokuwa ndiyo kwanza wanaamka.

"Ingia kwenye orodha," alisema. "Wataalamu wa alama za vidole wameshamaliza. Nionyeshe kilichofanyika leo."

Wakaingia ofisini, mwili umeshaondolewa. Mpwa akaketi, akabonyeza hapa na pale, akasita.

"Kuna mtu ametolewa."

"Ametolewa vipi?"

"Kwenye orodha. Mama mmoja. Ametolewa kwanza, ndipo barua ikatumwa kwa wote waliobaki."

"Kwa hiyo huyo mmoja hakuipata."

"Hakuipata."

Inspekta akawaza. Muuaji amewatisha wote, amemkinga mmoja. Na mtu humkinga wake.

"Mimba yake ya wiki ngapi?"

Mpwa akatazama, akanywea. "Kwa hesabu ya mashine ameshajifungua. Leo ilikuwa zamu ya barua ya kumwambia mtoto wake sasa anaanza kucheka." Akasogea karibu na skrini. "Ameandika, afande. Ameandika mara nyingi, anaomba atolewe. Anasema mtoto alifia tumboni."

"Akajibiwa nini?"

"Mashine ilimjibu. 'Asante kwa ujumbe wako, tunafurahi kuwa nawe katika safari hii.'"

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hamkuweka mahali pa mtu kujitoa mwenyewe?"

"Pako chini ya barua. Palikuwa pabovu. Nilikuwa nitapatengeneza kesho."

"Kesho ipi?"

Mpwa akachukua kalamu, akanakili mahali anapokaa yule mama, kama alivyojaza alipojiandikisha.

Ndani ya gari Mstaafu hakuwasha injini. "Twende hospitali kwanza, afande. Nimezaa sita, namjua mwanamke anayejishika hivyo."

"Endesha tunakokwenda."

"Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua, naujua wimbo huo. Naogopa, mzee. Umenisikia? Naogopa. Nikienda wataniambia. Nisipokwenda bado ninaye."

Mzee aling'ata mdomo, akawasha gari.

Mwanamke aliishi kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, mlango wa mwisho, karibu na bomba. Aliwafungulia akiwa amejifunga khanga kifuani kwa kukaza. Khanga ilikuwa imelowa sehemu mbili. Maziwa yalikuwa bado yanakuja, na hayakuwa na wa kuyanywa. Juu ya kabati kulikuwa na nguo za mtoto zimekunjwa, na bakuli dogo bado lina karatasi ya dukani.

"Karibuni. Kuna nini?"

"Pole sana, dada," alisema Inspekta. "Tumekuja kwa habari ya zile barua pepe."

Mwanamke akacheka kicheko kikavu. "Bado zinakuja? Mume wangu alisema leo amezimaliza."

"Amesema lini?"

"Aliporudi kutoka kazini asubuhi. Akafua nguo, akalala. Sijui kalala, sijui kajilaza tu."

Mstaafu alikuwa amesimama mlangoni. Alikohoa, akaonyesha kwa kidevu kamba ya nguo uani. Shati la ulinzi lilikuwa linachuruzika maji, lile lile la jengo la mkunga.

Kabla Inspekta hajasema neno, mwanamke alimsogelea, macho yameganda tumboni kwake.

"Dada, anacheza?"

"Samahani?"

"Mtoto. Unamshika sana. Anacheza?"

Inspekta alitaka kusema ndiyo. Akasema kweli.

"Tangu asubuhi bado. Tangu niipate barua."

"Barua gani?"

Inspekta akampa simu. Mwanamke akaisoma, akaisoma tena, akaweka kiganja mdomoni.

"Nani kawaandikia watu hivi? Ana roho gani huyu mtu?"

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Mlinzi alisimama pale, kifua wazi, na wala hakuwa na sura ya mtu aliyeamka usingizini.

"Ni mimi," alisema. "Hata wewe uliipata, afande?"

"Niliipata."

"Na hachezi?"

"Hachezi."

Akaketi sakafuni palepale, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ulimsukuma?" aliuliza Inspekta.

"Nilimsukuma."

"Kwa nini? Yule mama alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Nilikuwa namtaka mpwa wake. Kila jioni namwomba, bosi, mtoe mke wangu. Ananiambia kesho bila kusikiliza, hata jina haulizi. Leo nikaenda kwa mama mwenyewe. Akanipa pole, akalia, afande, akanishika mkono. Akafungua kompyuta, akatafuta miwani, akatafuta pa kubonyeza. Akasema haya mambo siyajui, mwanangu, ngoja mpwa wangu aje. Ngoja! Mashine inatuma asubuhi, nami niambiwe ngoja? Nikamvuta kwenye kiti ili nikae mimi. Akakataa kuachia, nikamsukuma. Sikutaka aanguke."

"Ukaona amekufa."

"Nilimwita. Hakuitika."

"Kisha?"

"Nikamtoa mke wangu. Kumbe ni jambo dogo hivyo! Kubonyeza mara mbili tu. Nikalia mpaka nikachoka. Halafu nikaona pameandikwa 'tuma kwa wote'." Alifuta uso kwa viganja. "Nikasema, hao wote leo wameamka na furaha zao. Kwa nini sisi peke yetu? Waonje, hata kwa asubuhi moja."

"Ukamtupia mpwa wake kesi."

"Yeye ndiye aliyeileta mashine."

"Yule mama alikuwa anataka izimwe. Jana walirushiana maneno kwa sababu yako na wenzako."

Mlinzi akaficha uso magotini. Mkewe alikuwa amejibanza kwenye kabati, ananong'ona, "Umefanya nini, baba? Umefanya nini?" Na hata hivyo ni yeye aliyemgeukia Inspekta kwanza.

"Nenda hospitali," alisema. "Sasa hivi. Sisi alipoacha kucheza tulingoja mpaka asubuhi."

"Nenda, mama," alisema mlinzi, mikono ameinyoosha kwa Mstaafu afungwe pingu. "Mimi sikimbii. Nakuomba, nenda."

Mstaafu aliwaita askari wa doria wamchukue mtuhumiwa, kisha akaendesha gari jinsi ambavyo hajawahi kuendesha katika miaka yake yote ya kuaga.

Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa. Wajawazito kwenye mabenchi, wajawazito sakafuni, wengine na nguo za kulalia, na kila mmoja mkono mmoja tumboni na mwingine kwenye simu. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Muuguzi alikuwa akipita kati yao jasho likimtoka. "Sijui kichaa gani kawaandikia," alisema. "Mpaka sasa wote niliowapima wako salama. Wewe nawe? Panda kitandani."

Inspekta alipanda, akafumba macho. Kifaa cha baridi kikapita juu ya tumbo, kikashuka, kikaenda upande. Kimya. Muuguzi hakusema lolote, na Inspekta aliujua ukimya huo, aliwahi kuusikia mara mbili. Kikapanda tena. Kikasimama.

Sauti ikaja, ya haraka haraka, kama mtu mdogo anayekimbia.

"Huyo," alisema muuguzi. "Alikuwa amelala tu, mvivu."

Inspekta alilia mpaka mto ukalowa. Alipoweza kusema alimwita Mstaafu, aliyekuwa nje ya pazia amevua kofia.

"Mzee, rudi kituoni. Mwambie yupo."

"Nimwambie nani?"

"Mlinzi. Kisha upite kwa mkewe. Waambie mtoto yupo."

"Yule ameua, afande."

"Najua alichofanya, na nitamshtaki kwa mkono wangu. Nenda kamwambie."

Mstaafu alivaa kofia yake, akaondoka.