Mchanga Uliotafuna Shaba

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alivua sare na kwenda kumsaidia mama yake, aliyekuwa na sehemu ya kuosha magari kando ya barabara. Jina hilo la utani alipewa na mjomba wake, aliyefanya kazi hapo pia, kwa sababu kila kazi aliifanya mbio mbio, hata ile isiyotaka mbio.

Maji yaliyokwisha kuosha magari yalirudi kwa mfereji hadi kwenye tangi. Humo yalitulia, mchanga ukazama chini, kisha pampu ikayavuta tena. Mpira wa kuvutia maji ulishikiliwa na kamba ili mdomo wake usiguse ule mchanga. Tangi lilipopungua, Chapuchapu aliongeza maji safi kwa ndoo, na kazi hiyo aliichukia kwelikweli. Siku moja wenzake walipomwita kucheza, alilegeza kamba, mpira ukazama hadi chini. Pampu ikaendelea kuvuta bila yeye kubeba hata ndoo moja. Akaona amepata dawa, akaiacha kamba hivyo hivyo.

Wiki chache baadaye maji yakaanza kutoka bila nguvu. Tope liligoma kubanduka kwenye magurudumu, na wateja wakanuna. Mama akafungua nozeli, kile kimdomo cha shaba kinachoyabana maji yatoke kwa kasi. Tundu lake lilikuwa limepanuka na kingo zake zimelika.

"Si uliinunua juzijuzi tu hii?" alimwuliza mjomba mbele ya wateja. "Umeniletea feki!"

"Dada, ni ileile ya siku zote, shaba iliyochanganywa na zinki."

"Usinifanye mtoto! Kama kazi imekushinda, sema nitafute mtu mwingine."

Mjomba alivua buti zake za mpira, akazipanga kando ya tangi, tayari kuondoka. Chapuchapu alimwonea huruma.

"Mama, mjomba hana kosa," alisema. "Ni mimi. Nililegeza kamba ya tangi."

"Kamba na shaba wapi na wapi?" mama alishangaa.

Mjomba alikinga maji ya pampu kwenye chupa, akaiweka chini. Baada ya muda mchanga ukatulia kwenye kitako cha chupa.

"Punje moja haifanyi kitu," alisema. "Lakini hizi zinapita mchana kutwa, tena kwa kasi, na kila moja inakwaruza kidogo. Hata chuma kingelika."

Mama aliitazama chupa, kisha zile buti. Uso ukamshuka.

"Mdogo wangu, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Yameisha, dada," mjomba alijibu, akaanza kuvaa buti.

Mama akamvuta Chapuchapu karibu. "Umekwepa kazi, na nozeli imeharibika. Hilo ni kosa. Lakini nozeli nyingine ipo dukani, mwanangu. Ndugu yangu angeondoka hapa kwa kosa lisilo lake, ningempata wapi? Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako."

Jioni hiyo Chapuchapu aliifunga kamba upya, taratibu kabisa, huku mjomba akimtania kwamba sasa itabidi amtafutie jina jingine.