Nani Anakula Dagaa wa Hilda?

Hilda anaanika dagaa ufukweni mwa ziwa, karibu na Nyegina. Asubuhi anatandaza nyavu chakavu juu ya mchanga, anamwaga dagaa, anawasambaza kwa mikono. Wakikauka anawapeleka kuuza sokoni Mwigobero.

Lakini siku hizi akirudi kuwageuza, anakuta sehemu nyingine tupu kabisa.

"Ni hawa ndege," alisema mumewe, Stanislausi, ambaye ni mvuvi. Alionyesha ndege wadogo weusi na weupe, wenye mikia isiyotulia. "Wako hapa kutwa nzima! Nimeshanunua sumu, Mama Yusto. Kesho nachanganya na dagaa kidogo, naweka pembeni. Watanikoma!"

Hilda aliogopa kweli kweli.

"Sumu karibu na chakula cha watu? Na mwanetu Yusto akiokota je?"

"Haya, niambie wewe tufanyeje."

Hilda alikwenda kwa jirani yao, Rhobi, akamweleza. Rhobi ni fundi cherehani, lakini anapenda ndege mpaka watu wanamtania. Akimsikia ndege mgeni, anaacha gauni la mteja na kutoka mbio na simu yake.

"Umewaona wakimeza dagaa?" Rhobi aliuliza.

"Nawaonaga juu ya dagaa kila siku."

"Sijauliza hivyo, mama. Wakimeza, umewaona?"

Hilda alitikisa kichwa.

"Basi kaa uangalie. Ukiona ndege au mnyama, piga picha. Halafu rekodi sauti yako kwenye simu. Taja siku, saa na mahali. Sema wako wangapi na wanafanya nini. Jina usipolijua, sema rangi na ukubwa. Na useme ulichokiona tu. Ulichodhani kiache."

Hilda alimbembeleza mumewe asubiri. Stanislausi alinung'unika, lakini akakubali.

Kesho yake Hilda alijibanza nyuma ya ukuta na simu. Jioni walisikiliza pamoja, Rhobi naye akiwepo.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wavu wa kwanza. Ndege wadogo wawili, weusi na weupe. Wanadonoa nzi. Dagaa hawajagusa."

"Nzi?" Stanislausi alishangaa.

"Nzi, shemeji," alisema Rhobi. "Hao wanakufanyia kazi bure."

Simu iliendelea. "Saa sita. Kunguru mmoja. Amebeba dagaa, ameruka. Saa sita na nusu. Bata saba wako juu ya wavu. Wanakula kama wamealikwa harusini."

"Bata wa nani hao wasio na adabu?" Stanislausi alifoka.

Hilda akamwonyesha picha. Mbele alikuwa bata dume mkubwa mwenye shingo nyeupe. Stanislausi alimtambua mara moja. Huwa anamletea pumba mwenyewe kila jioni.

"Mungu wangu," alisema. "Ningewaua bata wangu wote."

Rhobi alicheka mpaka akashika mbavu. Hilda hakucheka. Alimtazama Yusto aliyekuwa akicheza mlangoni, akashukuru.

Sumu ilirudishwa dukani bila kufunguliwa. Bata walijengewa banda. Stanislausi alitengeneza chanja za miti, na dagaa sasa wanakaukia juu, mbali na mchanga. Hilda anawafunika kwa wavu mwembamba, kunguru hafiki. Dagaa wake ni safi, na wateja wanamuulizia.

Asubuhi moja simu ya Rhobi ililia. Ilikuwa sauti ya Stanislausi, ananong'ona.

"Alhamisi, saa moja. Chini ya kiti cha mtumbwi wangu. Kiota. Makinda watatu, midomo wazi. Mama yao mweusi na mweupe anawaletea nzi. Leo naazima mtumbwi wa mvuvi mwenzangu."