Mke Wangu, Mtaro na Neno "Basi"

Mke wangu ni fundi cherehani. Mimi ni kinyozi. Kutwa yeye anashona, mimi nanyoa, na jioni tunakula pamoja na binti yetu wa mwisho. Tunamwita Kiberenge, kwa mbio zake.

Siku moja Kiberenge alitumbukia kwenye mtaro ulio wazi mbele ya nyumba yetu. Akavunjika mkono. Kwenye mkutano wa mtaa, mama yake akasimama kuomba mtaro ufunikwe. Maskini, akaanzia siku tuliyohamia! Akaeleza rangi ya mlango, akamsema mwenye nyumba, na kila akivuta pumzi alisema, "Basi..." Mwenyekiti akadhani amemaliza. Akamshukuru, akamwambia aketi, wakaanza kujadili lango jipya la mtaa.

Alirudi amenuna, machozi yakimlengalenga. Roho iliniuma, maana mtoto bado alikuwa anapita palepale.

Jirani yetu Bi Redio, mwandishi wa michezo ya redio, alipokuja kuchukua gauni lake, alisimuliwa yote. Akacheka kidogo. Akasema "basi" hufungua maneno na pia huyafunga, kwa hiyo watu walikuwa wanangoja tu amalize.

"Mdogo wangu, hadithi haitaki kila kitu," akasema. "Tuambie ni nani, na anataka nini. Kitu gani kinamzuia? Akafanyaje, na mwisho ikawaje?"

Mke wangu akasimamisha cherehani. "Ni mtoto. Anataka kwenda shule. Mtaro unamzuia."

"Umeshapata. Rangi ya mlango mwachie mwenye mlango."

"Na mwisho je? Mtaro bado uko wazi."

Bi Redio akasema hapo ndipo pa kuumiza kichwa. Akachukua gauni lake, akaenda zake.

Mkutano uliofuata, mke wangu hakuzunguka.

"Mwanangu anataka kwenda shule," akasema. "Njia ni moja, na mtaro umeikata. Alijaribu kuuruka, akavunjika mkono. Sasa kila asubuhi anasimama ukingoni, analia nimbebe. Mvua zinakuja. Mwisho wa hadithi hii mimi sina. Mnao ninyi."

Akaketi. Mwenyekiti akavua miwani, akauliza nani ana koleo. Mikono ikanyooshwa, wa kwanza wangu. Nilijivunia mke wangu, sifichi.

Jumamosi tukamwaga zege, na mifuniko ilipokauka tukaipanga. Siku hizi binti yetu anavuka mwenyewe kwenda shule, wala hageuki nyuma kutuaga.