Mbwa Aliyemshinda Chepngeno Mbio

Stori hii utaikataa. Mimi mwenyewe ningeikataa. Lakini waulize watu wa Kimulot waliokuwa uwanjani mwaka wa 1996, watakuambia: mbwa wa soko alishinda mbio za shule. Ndiyo, mbwa! Tena mbwa ambaye wiki sita kabla ya hapo ungeweza kuhesabu mbavu zake ukiwa ng'ambo ya barabara. Na aliyempa nguvu ni yule yule msichana aliyeachwa nyuma. Tulia sasa, usikilize vizuri.

Msichana huyo aliitwa Chepngeno. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na aliishi na nyanya yake, Elmina. Wakipsigis humwita nyanya kogo, na Chepngeno alimwita hivyo. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai, Chepngeno alichota maji mtoni na kufagia boma. Kogo naye alisugua kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet mpaka ndani kukanukia moshi. Kisha alikijaza mursik, yale maziwa yaliyolala siku kadhaa mpaka yakachachuka na kuwa mazito, yenye rangi ya jivu kidogo.

"Kunywa saa nne," Kogo alisema, kila siku maneno yale yale. "Usimwage hata tone. Miguu yako inakula hapa."

"Na wewe, Kogo?"

"Mimi nimeshiba. Meno yangu hayataki maziwa tena."

Chepngeno hakujiuliza tangu lini maziwa yakahitaji meno. Alichukua kibuyu, akaondoka. Kogo alibaki jikoni na kikombe chake cha strungi, chai bila tone la maziwa.

Sasa, kulikuwa na Joan. Baba yake alikuwa na duka kubwa pale soko, na Joan alikuja shule na soda, biskuti na ile juisi ya unga, nyekundu, inayoacha ulimi kama umepakwa rangi. Siku ya kwanza ya muhula alimwona Chepngeno akifungua kibuyu.

"Jameni, njooni muone! Chepngeno anakunywa simiti! Kwani unajenga nyumba tumboni?"

Darasa liliangua kicheko. Chepngeno alitamani ardhi immeze pamoja na kibuyu chake.

Kisha Joan akamgeukia Adongo, msichana mwenzao darasani. Baba yake Adongo alitoka upande wa ziwa na alifanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Adongo alibeba ugali wa wimbi, omena, wale samaki wadogo wa ziwani, na mboga ya saga, kila siku ya Mungu.

"Adongo, hizo omena zako zote zimenikodolea macho!"

"Zinashangaa," Adongo alijibu, akitafuna. "Hazijawahi kuona mtu anapiga kelele hivi na hana hata namba ya kukimbia."

Joan hakupenda hilo jibu hata kidogo. Alimwita Chepngeno kando ya ua, akamwonyesha chupa ya soda iliyobaki nusu.

"Ni rahisi. Nikimchekesha Adongo, wewe unacheka kwa sauti. Ukicheka, unakunywa. Usipocheka, enda na simiti yako."

Chepngeno alimwangalia Adongo, rafiki aliyekuwa akikimbia naye kila jioni. Akaangalia chupa. Saa nane Joan alisema omena inanuka kama soksi za polisi, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Chepngeno. Adongo alifunika sahani yake, akageuka ukutani.

Lakini kibuyu kingerudi nyumbani kimejaa, Kogo angeuliza. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, pale njia inapokata kona katikati ya majani chai, Chepngeno aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akamwaga mursik yote chini. Kabla haijaingia udongoni, mbwa akatokea. Alikuwa Popi, mbwa wa soko asiye na mwenyewe, manyoya yametoka, mgongo umepinda. Alilamba udongo mpaka ukang'aa.

Kesho yake Popi alikuwa anangojea pale konani. Keshokutwa pia. Wiki ya tatu mbavu zilikuwa zimepotea. Wiki ya tano manyoya yalikuwa yanang'aa kama viatu vya mwalimu mkuu, na alimfuata Chepngeno mpaka mazoezini, mkia juu.

Na Chepngeno? Kila siku alicheka, akalipwa soda au ile juisi nyekundu. Jino la nyuma lilitoboka, likawa linampiga kama nyundo. Tumbo lilijifunga. Darasani alisinzia mpaka paji la uso likagonga dawati. Mwalimu Lazarus, aliyefundisha michezo, alimsimamisha.

"Mwaka jana ulikuwa unamwacha Adongo kwenye mlima. Sasa wewe ni wa kuona mgongo wake. Uko na shida gani?"

"Ni malaria, mwalimu."

"Malaria inayopaka ulimi rangi nyekundu?"

Chepngeno alifunga mdomo haraka. Mwalimu alitikisa kichwa. "Shule itapeleka msichana mmoja tu kwenye mashindano ya Bomet. Mmoja. Na nyanya yako ameshawaambia kina mama wote wa kituo cha majani chai kwamba ni wewe. Usimwaibishe mzee wa watu."

Jumamosi ya mbio ikafika. Kogo alivaa leso yake ya kanisa, akasimama pale kwenye kamba ya kumalizia, kibuyu kikubwa mikononi. Huko kwetu mkimbiaji akishinda anapokewa na mursik mbele ya watu wote. Kogo alikuwa ameikusanya polepole, siku nyingi, kwa ajili ya siku hiyo moja.

Chepngeno hakuwa amekula kitu. Nyuma ya choo Joan alimpa chupa nzima ya ile juisi nyekundu. "Maliza yote. Sukari ndiyo nguvu. Utaruka kama ndege." Akamaliza yote.

Filimbi! Wasichana ishirini wakashuka mtoni, na Popi nyuma yao. Kilomita ya kwanza Chepngeno alikuwa mbele, anajisikia kama ana mabawa. Kilomita ya tatu, kwenye mlima, mabawa yakakatika. Jasho baridi. Adongo alimpita. Dorcus wa darasa la tano akampita. Mtoto wa darasa la nne mwenye kaptula ya kaka yake akampita! Ndipo Popi akachoka kungoja. Alimpita Chepngeno, akawapita wote mmoja mmoja, akampita hata Adongo, akaingia uwanjani peke yake, masikio yamelala nyuma, akakata kamba!

Uwanja ulilipuka. Watu wazima walishikana wasianguke. Adongo aliingia, naye pia akicheka. Chepngeno aliingia wa mwisho kabisa, akapiga magoti, akatapika nyekundu mbele ya kila mtu.

"Damu!" mama mmoja akapiga kelele. "Mtoto anatapika damu!"

Mwalimu Lazarus alikuja mbio, akainama, akanusa. Alisimama polepole. "Si damu. Ni stroberi."

Na unajua nani alianza kuimba? Joan. "Popi kwa Bomet! Popi kwa Bomet!" Shule nzima ikaitikia, ikipiga makofi. Chepngeno alimwangalia Joan, yule aliyempa chupa kwa mkono wake, na Joan alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko wote.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba Popi alienda moja kwa moja mpaka kwa Kogo, akaketi, akaangalia kibuyu, akatoa ulimi. Kama mtoto anayengojea chai yake.

Kogo alimwangalia mbwa. Akaangalia manyoya yake yanayong'aa. Akamwangalia mjukuu wake, mashavu yameingia ndani.

"Huyu mbwa amejua kibuyu changu aje?"

Chepngeno alijifuta mdomo kwa mkono.

"Chepngeno. Nimekuuliza."

"Nilikuwa namwaga, Kogo. Konani."

"Tangu lini?"

"Tangu shule ifunguliwe."

Kogo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Ng'ombe alianza kukauka Januari," alisema, na watu wote walisikia. "Kilichotoka kilitosha mtu mmoja. Mimi nimekunywa strungi wiki sita. Nilidhani ninalisha mtoto. Kumbe ninanonesha mbwa wa soko."

Kina mama wa kituo cha majani chai waliangalia chini. Hata wimbo ulikufa.

"Aliyeshinda ni nani?" Kogo aliuliza.

"Ni mimi, nyanya. Adongo."

"Njoo, mama. Kunywa."

Adongo alikunywa mpaka akapata masharubu ya maziwa. Alibakisha kidogo, akamnyooshea Chepngeno. Kogo alimshika mkono. "Hapana. Leo hapana." Kilichobaki alikimimina kwenye kifuniko, akakiweka chini mbele ya Popi. "Wewe pia ulikimbia."

Njiani kurudi Kogo alitangulia. Chepngeno alitembea nyuma yake akilia, jino likimpiga, na alipofika konani aliona ule udongo uliolambwa mpaka ukawa laini kama sahani. Kogo alipita juu yake bila kusimama.

Jumatatu jino likang'olewa zahanati. Chepngeno aliporudi, mdomo umejaa pamba, Kogo alimpa kibuyu na kijiti cha senetwet.

"Safisha. Kuanzia leo ni kazi yako, ujue inachukua muda gani." Alimwangalia akisugua, kisha akakaa karibu naye; habari yote ya Joan Chepngeno alikuwa amemsimulia Jumapili. "Sikiliza. Joan hakukupa soda. Alinunua kicheko chako, ukamuuzia pamoja na rafiki yako na jino lako. Sukari ile inakubeba mpaka katikati ya mlima, halafu inakuacha. Maziwa, wimbi, saga, zile omena za kina Adongo, maji safi, kulala mapema: hivi havina rangi ya kupaka ulimi, lakini vinakufikisha. Na mwili haudanganywi. Ulinidanganya mimi, ukamdanganya mwalimu, lakini miguu yako ilijua."

Aprili mvua ilinyesha, ng'ombe akazaa, na Kogo akarudia chai ya maziwa. Chepngeno alimwomba Adongo msamaha. Adongo alikimbia peke yake siku mbili nzima, kisha akasema, "Sawa. Lakini utakula omena na macho yake." Walianza kukimbia pamoja tena, na kufika Julai Chepngeno alikuwa amemfikia kwenye mlima.

Siku moja Joan alikuja na soda baridi, chupa inatoka jasho, darasa zima linaangalia. Adongo ndiyo kwanza alikuwa anafungua sahani yake.

"Chepngeno," Joan akasema, "cheka kidogo tu. Kidogo tu, yote ni yako."

Chepngeno alichukua kibuyu chake, akaenda kuketi na Adongo. Wakaanza kuitwa Simiti na Omena, na walichekwa mpaka kengele ikalia.

Na wewe, siku ya kwanza kabisa, wakati chupa ilikuwa baridi na hakuna mbwa aliyeshinda mtu bado, wewe ungeketi wapi?